Kizingo cha Tatu

Baba yangu Verlin halikumbuki jina langu,
ila mto Neosho anao wote kichwani,
kizingo kwa kizingo.
Jumapili, katika nyumba ya wazee,
kati ya uji wa shayiri na televisheni isiyozimwa,
alinishika kiganja akakifanya ramani:
Ukipita daraja la reli, pampu ya Stucky iko kushoto.
Hesabu vizingo vitatu. Ukingo wa nje, si wa ndani.
Ndani ni changarawe, na wavuvi wenye haraka.
Nje ndiko maji yanakokula udongo.
Utaona mforsadi umelala, mizizi hewani,
kama aliyebwagwa mweleka.
Chini yake yuko mwenyewe.

Sikuuliza mwenyewe ni nani.
Kambare wa kichwa bapa kama sepetu,
taya la chini limelitangulia la juu,
macho madogo ya mtu anayedaiwa.

Agosti nilikwenda bila ndoano.
Mvua ilikuwa imetunyima wiki saba,
soya imekunja majani,
mto umevuliwa nguo.
Huo ndio wakati wa kuutazama, alinifundisha zamani,
ukiwa hauna pa kujisitiri.
Nikasukuma mashua ya bati kwa upondo:
daraja, pampu, kimoja, viwili, vitatu.
Mforsadi haupo.

Mafuriko ya mwaka juzi hayakumpa baba taarifa.
Palipokuwa na mti pana mchanga,
nyayo za rakuni,
na tairi la trekta.
Nikaketi juu ya tairi, nikala mkate na soseji.
Maji hufuata mkondo, nikawaza,
gogo nalo hufuata maji,
na yule hufuata gogo.

Nikateremka, upondo ukipapasa kama fimbo ya kipofu:
futi tatu, futi tatu, matope, futi nne,
kisha mkono ukazama hadi kwapani
na upondo haujagusa kitu.
Mbele kidogo, nguzo ya daraja lililovunjwa
ilikuwa imenasa magogo, kama kitana kinavyonasa nywele,
na katikati yao, mizizi hewani, mforsadi.
Maji yalipinda pale, yakajizungusha,
yakatulia mazito kama mafuta.
Sikufunga kitambaa wala kuchonga alama.
Nilihesabu hatua za ukingo, nikaimeza hesabu.

Septemba nilirudi usiku.
Chubwi zito, kisamaki cha miiba kwenye ndoo,
hai, kinarusha maji.
Cha mvunguni huinamiwa, sawa,
lakini mshipi usiingie mvunguni, hautatoka.
Nilitupa mbele ya mlango wake;
atokaye kwenda kula hapendi kugongewa chumbani.
Saa nne. Saa tano. Mbu.
Pikapu ya mtu ikapita mbali, ikaenda na taa zake.
Saa saba na kitu, fimbo ikainama
bila hodi.

Uzito sitautaja, dada yangu Lorene ataniita mwongo.
Nitasema tu kwamba mikono ilinitetemeka hadi alfajiri,
kwamba tumbo lake lilikuwa la manjano kama siagi,
na kwamba alipokuwa ubavuni mwa mashua
alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.
Nikamtoa ndoano.
Hakukimbia. Alishuka taratibu, akijua njia.

Jumapili nikamwambia baba: mti umehama,
hatua mia tatu na kumi chini.
Akanyamaza. Muuguzi akaleta vidonge, akaviacha.
Kisha akakifungua kiganja changu tena,
akasogeza kidole chake kidogo tu,
kuelekea kifundo cha mkono.
Hapa?
Hapo.
Akaridhika. Akaniuliza, kwa adabu ya mgeni,
mimi ni mtoto wa nani,
na chambo kilikuwa hai au kimekufa.

Nikamjibu la pili.